Nilivyostaafu Uprofesa wa Ulaya Pale Katandala

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na nane. Meno yote yapo, mgongo umenyooka, na bado napangiwa zamu ya kudeki bweni. Nawaambia mapema ninyi wa kidato cha tano mnaoshuka sasa na matranka yenu, msije mkanikuta nimeegemea ukuta wa darasa la jiografia naota jua, mkadhani ni mwanafunzi mvivu. Huyo mnayemwona ni mtumishi aliyemaliza utumishi wake. Mkipita, amkieni. Nikikohoa, ulizeni kama nimepata chai.

Kazi yangu ilikuwa historia ya Ulaya ya kisasa. Niliifanya hapa hapa Katandala, kwenye shule yenye bomba moja linalotoa maji na mengine ya mapambo. Jina langu ni Gaudensia, kidato cha sita, mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. "Profesa" ni jina la kazini. Kuna watu wanaeneza kwamba nilijipa cheo mwenyewe. Waongo hao. Nilipewa na Mwalimu Kizito, na Mwalimu Kizito hakuwa mtu wa kugawa vitu ovyo, hata chaki alikuwa anaikata vipande kwa meno.

Mwalimu Kizito ndiye aliyekuwa akifundisha Ulaya kabla yangu. Mzee mfupi, koti la kahawia, kofia ya sufu mwaka mzima. Alikuwa akifundisha amefumba macho. Akifika kwenye Mapinduzi ya Ufaransa analala kabisa, anaamka mfalme ameshakatwa kichwa, anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Lakini mtu yule alikuwa anaijua Ulaya kama anavyojua shamba la mama yake. Siri yake alinipa siku moja tukiwa tunaota jua baada ya mapumziko.

"Gaudensia, usianze na mwaka. Ukianza na mwaka watoto wanalala."

"Kama wewe, Mwalimu?"

"Mimi nalala kwa sababu najua mwisho wake. Wewe anza na tumbo. Nani alikuwa na njaa? Nani alikuwa anamwonea wivu jirani? Ukishajua hayo, miaka itakufuata yenyewe kama mbuzi anavyomfuata mwenye chumvi."

Shikeni hilo, vijana. Ndilo jambo la maana kuliko yote nitakayosema leo. Mengine ni maringo yangu tu.

Siku aliyoondoka kwenda kulima ulezi kijijini kwao, kustaafu kwa kweli kwa barua na keki ndogo, aliniita ofisini akanikabidhi ramani yake ya Ulaya. Ramani ya kitambaa, kingo zimeliwa na panya, na ndani yake kuna nchi ambazo zilishakufa. Yugoslavia ipo pale imetulia, haijapata habari.

"Wewe una mdomo," akaniambia. "Mdomo usio na kazi ni hatari kwa shule. Waongoze wenzako, Profesa, mpaka mwalimu mwingine aje."

"Atakuja lini?"

Akafumba macho. Nikajua amefika Ufaransa.

Mwalimu mwingine alikuja, tena haraka, ila hakufika. Mnajua sifa ya uchawi ya mkoa wetu huko nje. Ukienda Dar ukisema unatoka Sumbawanga, mtu anarudisha mkono aliokuwa anakupa. Anakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Basi yule mwalimu alipanda gari kutoka huko kwao, njiani abiria wenzake wakamsimulia habari zetu, hasa wale ambao hawajawahi kufika. Alipofika Tunduma akapata ugonjwa wa ghafla, ugonjwa unaopona ukigeuza basi. Hatukuwahi kumwona. Sisi tulikuwa tumeshafagia na nyumba yake.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Asubuhi za Juni na Julai huku juu, kama hamjui bado mtajua, mwanafunzi hasikii kitu mpaka damu ipate joto. Kwa hiyo mihadhara yangu ilikuwa nje, ukutani upande wa jua, ramani imetundikwa kwenye dirisha, wasomi wamekaa chini wamejikunyata ndani ya masweta kama vifaranga. Jua likisogea na Ulaya inasogea. Kuna siku tulianza Ujerumani ukuta wa jiografia tukamalizia jikoni.

Huo muungano wa Ujerumani ulinitesa sana mwanzoni. Vitabu vinasema palikuwa na vinchi vingi vidogo vidogo, halafu pakawa na nchi moja. Sawa, lakini vipi? Nikasimama pale nikikodoa macho mpaka nikamkumbuka bibi yangu na matuta yake. Kwa wageni: sisi Wafipa tunalima kwa matuta ya mviringo. Unafyeka majani, unayalundika, unayafunika udongo, yanaoza humo ndani taratibu. Msimu mwingine unayapasua matuta yote, unasambaza ule udongo mweusi, linakuwa shamba moja safi la ulezi. Nikawaambia: Ujerumani ilikuwa matuta. Biashara na reli na lugha moja ndiyo majani yaliyokuwa yanaoza mle ndani. Halafu akaja yule waziri mkuu wa Prusia, yule wa masharubu, simtaji jina maana ana wajukuu, akaja na jembe akapasua.

Wafipa wote: "Aaaa!"

Masanja: "Sijaelewa."

Masanja mnamjua, huwezi kutomjua, anaziba mlango. Ni Msukuma wa Milepa, kule bondeni kwenye joto, wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kwao Usukumani. Huku juu anavaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Nikamwambia, "Masanja, familia kumi kila moja ina zizi lake. Akaja mzee mmoja akachokoza simba. Mnafanyaje?"

"Tunachunga pamoja."

"Na simba akishaondoka?"

Akafikiri. "Ng'ombe wameshazoeana."

"Ndiyo Ujerumani hiyo."

"Sasa si ungesema!" Akaandika ukurasa mzima kuhusu zizi, na mpaka leo ndiyo insha bora juu ya mada hiyo niliyowahi kusoma.

Msidhani ilikuwa sifa tupu. Nilimfundisha Deo, huyu mlafi mnayemwona kwenye foleni ya makande kabla kengele haijalia, habari za yule jenerali mfupi aliyevamia Urusi na jeshi lake likaangamia barafuni. Nilieleza vizuri, njaa, umbali, farasi kufa, adui kuchoma maghala akirudi nyuma. Nikawapa jaribio. Deo akajibu kwa sentensi moja: "Alishindwa kwa sababu hakubeba sweta." Nilitaka kumpa sifuri, nikajiona mwenyewe nimevaa sweta la babu yangu, nikampa nusu.

Na machapisho ninayo, maana profesa bila chapisho ni mpiga soga tu. Chapisho langu la kwanza lilihusu sababu za Mapinduzi ya Ufaransa na lilitoka kwa mkaa kwenye mlango wa choo cha wasichana, upande wa ndani. Hakuna kitabu maktaba kilichosomwa kwa makini kama kile. Watu walikuwa wanatoka chooni wanabishana kuhusu kodi za makabaila. Matroni akaniita, akanipa ndoo na brashi, chapisho likaondolewa kwenye mzunguko.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonistaafisha.

Tulipopata habari kwamba tumepangiwa mwalimu mwingine wa historia, mkuu wa shule alisimama paredi akiwa na uso wa msiba. Akasema mwalimu anaitwa Mbaruku, kwao ni Tanga, anakuja wiki hiyo hiyo. Akasema, "Huyu akikimbia kama mwenzake, mwaka huu hatuletewi mwingine. Kidato cha sita mtaingia mtihani wa taifa na Ulaya ya Gaudensia." Watu wakacheka, mimi nikainama kwa heshima, yeye hakucheka. "Nataka utani wa uchawi ufe. Asisikie habari ya ungo. Asisikie habari ya fisi. Hasa wewe, Gaudensia. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rudia."

"Sina ungo, sina fisi."

Lakini niliingiwa na baridi. Kucheka tunacheka, ila mimi nilikuwa najua nilichokuwa sikijui. Mwalimu Kizito alinipa ramani, hakunipa kichwa chake. Kulikuwa na mada nzima nilizokuwa nazipita mbio mbio kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Wenzangu walikuwa wananiamini, na hilo ndilo lililokuwa linanitisha. Tulikuwa tunamhitaji huyo mtu wa Tanga kuliko maji.

Nikapita kwa bibi yangu, ambaye nyumba yake iko hapo nyuma tu ya shule, nikampa habari njema. Alikuwa anapepeta ulezi. Akaacha ungo hewani.

"Wa wapi?"

"Tanga."

"Yesu wangu." Akaweka ungo chini. "Gaude, watu wa Tanga wanafuga majini kama sisi tunavyofuga kuku. Usimpe mkono. Wala usimwambie jina la ubatizo."

"Bibi, yeye ndiye anayetuogopa sisi!"

"Sisi? Sisi tuna nini cha kuogopwa?"

Sasa, bahati mbaya au kazi ya shetani, wiki hiyo nilikuwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Wenzangu walikuwa hawaelewi kabisa jinsi mtu mmoja kuuawa mji mmoja kulivyofanya dunia nzima ipigane. Nikaamua kutumia njia ya vitendo. Jumatatu nikawagawia nchi. Nikawaambia, kuanzia leo mpaka Jumamosi acheni majina yenu, kila mtu aishi kama nchi yake. Chagueni marafiki, wekeni mikataba ya siri: ukichokozwa nakuja, nikichokozwa unakuja. Masanja akawa Urusi, kwa ukubwa na kwa uvivu wa kuamka. Pili, yule binti mdogo kuliko wote darasani, akawa Serbia. Deo akawa Italia, na akaweka mkataba na Ujerumani na Austria kwa sababu Ujerumani alikuwa na karanga za kukaanga. Mimi sikuwa nchi. Mimi nilikuwa historia yenyewe, natembea nimeweka mikono nyuma.

Ilienda vizuri mno. Kufikia Alhamisi watu walikuwa hawapeani sabuni bila kuangalia mkataba. Ijumaa Ufaransa alikataa kukaa meza moja na Ujerumani. Nilikuwa na furaha mpaka nikaota nimepewa joho.

Jumamosi asubuhi ni usafi, kama mtakavyoona. Watu wote bombani, wengine wanachota, wengine wanasugua masufuria kwa majivu. Pili akateleza, akaipiga teke ndoo ya Austria. Ikamwagika yote.

"We Serbia!" Austria akafoka. "Utanichotea maji mpaka tufunge shule!"

"Imekuwa bahati mbaya, dada."

"Bahati mbaya ndiyo inavyoanza!" Akachota majivu akamrushia usoni.

Pili akapiga ukelele: "Urusi! Urusi njoo!"

Urusi alikuwa bwenini anatafuta kiatu cha pili. Alichelewa, lakini alipoanza kuja hakuna kitu kingemzuia. Ujerumani akaona Urusi anakuja, akachukua ndoo. Ufaransa akaona Ujerumani amechukua ndoo, naye akachukua yake. Ubelgiji, masikini, alikuwa amekaa njiani anakula kiporo chake, wakampitia juu na sahani. Uingereza akaja mwisho, akaeleza kwanza kwa nini amekuja. Maji, matope, majivu. Masanja ananguruma kwa Kisukuma. Na Deo, nilimwona kwa macho yangu, alijificha kwanza nyuma ya tenki akachungulia huku na huku. Halafu Ufaransa akamwahidi nyama yake ya Jumapili, akatoka na ndoo akammwagia Austria, mwenye mkataba naye!

"Msaliti!" wakapiga kelele. "Italia msaliti!"

Mnajua baridi yetu ya asubuhi. Mtu aliyeloa akisimama juani anafuka mvuke. Sasa fikirieni Ulaya nzima, nyuso nyeupe kwa majivu, inafuka moshi, inapiga mayowe. Hapo ndipo bodaboda ikasimama getini, akashuka mwanamume mwembamba mwenye kanzu chini ya koti, sanduku la magurudumu mkononi. Mwenye bodaboda akaangalia mara moja, akageuza pikipiki, hakungoja hata kuhesabu kama nauli yake imetimia.

Wa kwanza kumwona mgeni alikuwa Pili. Mtoto ana adabu, akamkimbilia akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Waitwa nani?"

"Serbia."

Mwalimu Mbaruku akavuta sanduku lake karibu. "Nani kakupaka majivu?"

"Austria."

"Yuko wapi huyo Austria?"

"Yule pale amelala. Urusi amemkalia."

"Na... nani kawafanya hivi?"

Vidole vyote vikanielekea. Na Ubelgiji, akilia kwa ajili ya kiporo chake, akasema maneno ambayo sitayasahau nikizeeka mara ya pili: "Ni Profesa. Tangu Jumatatu ametuambia tuache majina yetu!"

Mwalimu Mbaruku akarudi nyuma hatua moja. Aligeuza sanduku. Nikamsikia anasoma dua, na magurudumu yanalia kwenye kokoto, krr, krr, kuelekea barabara ya stendi.

Nikatoka mbio, Masanja nyuma yangu. Kosa. Ukikimbizwa na Masanja amepakwa majivu, hata ungekuwa askari ungeongeza mwendo. Wenye maduka wakatoka nje. Mama mmoja wa maandazi akauliza, "Gaude, mmemwibia nini huyo mtu?"

"Mwalimu!" nikaita. "Hii ni Vita ya Kwanza ya Dunia!"

"Naiona! Usinisogelee!"

Nikaona nikiendelea kukimbia nampeleka mwenyewe mpaka Tunduma. Nikamshika Masanja sweta la nje, tukakaa chini pale pale barabarani, kwenye vumbi, kama watu waliokuja kuomba uchumba. Nikaanza kufundisha. Sikujua la kufanya lingine, ndiyo kazi niliyokuwa naijua. Nikapaza sauti, mgongo wa mwalimu unazidi kuwa mdogo.

"Mwalimu, nilitaka waelewe mikataba! Serbia alichokoza, Austria akajibu, Urusi akaingia kwa ajili ya Serbia, Ujerumani kwa ajili ya Austria! Na Italia ndiyo msaliti mkubwa, ilikuwa na mkataba na Austria, ikavunja mkataba, ikahama!"

Krr, krr. Krr.

Sanduku lilikuwa limesimama. Hakugeuka mara moja. Nadhani alikuwa anashindana na nafsi yake. Halafu akageuka, na uso wake ulikuwa uso wa Mwalimu Kizito mtupu, ila macho wazi.

"Msaliti kivipi?" akauliza kutoka kule kule.

"Si alikuwa na mkataba?"

"Mkataba wa nini? Ulisema nini?" Akapiga hatua kurudi. "Ulikuwa mkataba wa kujihami. Italia amsaidie Austria *akishambuliwa*. Hapo nani alimshambulia mwenzake kwanza?"

Nikageuka kumtazama Masanja.

"Austria," akasema Masanja taratibu. "Alirusha majivu."

"Naam! Sasa usaliti uko wapi? Kwanza Italia ilikaa pembeni, ikasubiri, ikapima. Ndipo ikaahidiwa ardhi na upande wa pili, ikahamia huko. Ninyi Italia wenu alifanyaje?"

"Alijificha nyuma ya tenki," nikasema. "Halafu akaahidiwa nyama."

Mwalimu akatazama mbali, midomo inamcheza. "Basi huyo ndiye pekee aliyesoma."

"Asante, Mwalimu!" Deo akachomoza nyuma ya duka la vocha, maji yanamchuruzika. "Nimewaambia hawa! Nimewaambia! Wananiita msaliti mimi!" Na kabla mtu hajasema kitu akalishika lile sanduku, akaliweka kichwani, akaanza kurudi nalo shuleni. Mwalimu angefanya nini? Nguo zake zote zilikuwa kichwani kwa Italia.

Ila msidhani hofu ilikwisha pale. Mkuu wa shule alikuwa ameenda mjini na ufunguo wa nyumba ya mwalimu, na mgeni alikuwa anatetemeka, baridi yetu haijali mtu katoka wapi. Nikampeleka kwa bibi. Njiani nilinawa uso, nikabaki na wazo moja: asipokaa leo, kesho kuna basi.

Bibi alitupokea vizuri mno, vizuri kupita kiasi, kama anapokea afisa. Akaleta uji wa ulezi, vikombe viwili vinafuka, kimoja chake na kimoja cha mgeni. Wakakaa wanatazamana. Mwalimu anaangalia uji. Bibi anaangalia mikono ya mwalimu.

"Karibu, mwalimu. Kunywa kabla haujapoa."

"Ahsante mama. Anza wewe, mkubwa hutangulia."

"Mgeni ndiye wa kwanza."

"Laa, siwezi kukuvunjia heshima."

"Hunivunjii."

Uji ukaanza kuvaa ngozi juu. Mimi nimekaa kwenye kigoda katikati yao nikiona basi la kesho linawasha injini. Nikachukua kikombe cha mwalimu nikanywa chote. Nikachukua cha bibi nikanywa chote. Nikajifuta mdomo.

"Bado mzima," nikasema. "Ongeza, Bibi."

Mwalimu Mbaruku ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akavua kofia. "Mama, nisamehe. Mama yangu mzazi alilia kutwa nzima nilipopangiwa huku. Amenipa na kitu cha kujikinga, niweke mfukoni."

Bibi akamkodolea macho, halafu akafungua kifungo cha juu cha blauzi akamwonyesha chupa ndogo. "Na mimi nimejimwagia maji ya baraka tangu nilipokuona unaingia uani. Nimeloa mpaka kiunoni."

"Mimi? Mimi nina nini, mama?"

"Si wewe ni wa Tanga!"

Walicheka hawa watu mpaka kuku wakatoka ndani. Akanywa vikombe vitatu. Na katikati ya cha tatu akaweka kikombe chini, akanigeukia kwa ile sauti ya walimu wakiwa darasani: "Wajua, hii ndiyo sababu ya vita ambayo vitabu vyaiweka mwishoni. Kila mmoja amwogopa jirani, akanoa panga. Jirani amwona anoa, naye akanoa." Ningelichapisha hilo usiku ule ule, ila mlango wa choo ulikuwa umeshapakwa rangi.

Jumatatu aliingia darasani. Nilimkabidhi ramani mbele ya wote, kwa mikono miwili. Akaitazama, akaikuta Yugoslavia, akatabasamu, akaitundika hivyo hivyo. Nilitegemea hotuba ya shukrani. Akasema, "Mchezo wa nchi ni mzuri, tutaendelea nao, bila majivu." Masanja akashangilia. Deo akainuka kupokea pongezi, akaambiwa akae. Wiki ya pili alinirudishia insha yangu ya kwanza kwake, nyekundu kuliko nyeupe, na sijawahi kufurahia alama mbaya vile, maana kila palipo na wino mwekundu palikuwa na kitu nilichokuwa sikijui na sasa kuna mtu wa kuniambia.

Siku hiyo hiyo nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na mimi ni nchi gani? Mimi sikuwahi kuwa nchi."

Akanipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe, Profesa, ni Uswisi."

"Uswisi anafanya nini?"

"Wenzake wakigombana, yeye akaa kimya. Haingilii. Hasemi neno mpaka vita viishe."

Darasa zima likapiga meza kwa furaha. Na mimi nikakaa. Vijana, nimefundisha Ulaya nzima ukutani kwenye baridi ya Julai, nimemzuia Urusi kwa sweta, nimekunywa uji wa watu wawili kuokoa mtihani wa taifa. Lakini kazi ngumu kuliko zote ndiyo hii niliyopewa baada ya kustaafu, na ninaifanya sasa hivi hapa ukutani, nimefunga mdomo, naota jua. Kwa hiyo mkipita, amkieni tu. Msiniulize chochote kuhusu Ulaya, nisije nikajibu.